Udongo, Jua na Maji ya Kuoshea Bomba

Nyinyi mliorithi meza yangu pale maabara mmekuwa mkinipigia simu kuuliza mbona udongo wenu unatoka tanurini mgumu kama kigae, na mbona ukishakuwa hivyo hauna kazi tena. Jibu fupi ni kwamba mnauchoma moto mkali mno. Punguzeni moto, uacheni uchukue muda wake. Jibu refu ni haya ninayoandika. Tangu nistaafu nimekaa hapa nyumbani Kilakala, na kila nikijaribu kueleza habari za ule udongo najikuta nimeanza kusimulia habari za watu.

Kwa wale ambao hawajui tulichokuwa tukifanya, nieleze kidogo. Mkulima wa nyanya au kabichi akimaliza kupulizia dawa ya wadudu, bomba lake hubaki na mabaki. Ataliosha wapi? Ataliosha penye maji, na huku milimani kwetu penye maji ni kijitoni. Asubuhi anaosha bomba yeye, mchana mwenzake wa chini anachota maji ya kupikia. Sisi tulikuwa tunatafuta namna ya kuyasafisha yale maji ya kuoshea bomba kabla hayajafika kijitoni, kwa vitu ambavyo mtu wa kijijini anaweza kuvipata na kuvitumia.

Njia yenyewe ukiisikia ni rahisi. Unachukua udongo wa mfinyanzi, unausafisha, unauchanganya na unga wa oksidi ya metali. Sisi tulianza na ya titani, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba. Baadaye tukatumia ya zinki, na ya chuma, ambayo kwa lugha ya nyumbani ni kutu iliyosagwa vizuri. Unachoma kidogo ili vishikane. Ukiweka mchanganyiko huo kwenye maji yenye sumu na kuyaanika juani, mwanga unaiamsha ile oksidi, nayo ikisaidiwa na maji na hewa inaanza kuimegamega sumu vipande vidogo vidogo mpaka inakosa nguvu. Udongo una kazi mbili hapo. Kwanza unaishika oksidi isichukuliwe na maji. Pili unaivuta sumu ije karibu. Hii kazi ya pili ndiyo iliyotuingiza matatani, na nitafika huko.

Aliyenifundisha kuusafisha udongo ni Mzee Pazi. Nilipoajiriwa nikiwa binti mwenye cheti kipya na viatu vya mchuchumio, yeye alikuwa fundi sanifu mkuu wa maabara, mtu mfupi, mpole, anayevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata siku ya kufagia stoo. Siku ya kwanza aliniangalia miguuni akasema, "Mwanangu, humu ndani kuna asidi na kuna sakafu yenye utelezi. Hivyo viatu vitakuchagulia kimoja." Kesho yake nikaja na raba, na mpaka nastaafu sikuingia tena maabara na viatu vya juu.

Mzee Pazi hakupenda haraka. Alitia udongo kwenye ndoo ya maji, akakoroga, akasimama tu pembeni mikono nyuma. Mimi nikawa nataka kuchuja. Akaniambia, "Subiri. Mchanga una uzito, utashuka wenyewe. Ukishashuka, yamimine yale maji yenye ukungu kwenye ndoo nyingine. Udongo tunaoutaka umo humo kwenye ukungu." Ukungu ule ukituama ndipo unapata udongo laini kama unga wa muhogo. Alikuwa na tabia ya kutia chembe yake kati ya meno ya mbele na kusaga taratibu. Ikikwaruza, anasema bado kuna mchanga, rudia. Nilimwiga kwa miaka mingi. Nyinyi msiige, kwa sababu siku hizi kwenye meza ile kuna udongo mpya na kuna udongo uliokwisha kutumika, na kwa macho vinafanana.

Kuhusu moto, msijione wajinga. Niliwatangulia. Siku moja niliweka vidonge vya udongo wetu tanurini, nikapandisha moto nikidhani nauharakisha, nikaenda kula. Niliporudi vidonge vyote vilikuwa vimekauka na kukaza, vyekundu, vinang'aa. Nilifurahi kwanza, maana vilipendeza. Mzee Pazi akachukua kimoja, akakigonga kwa ukucha, kikalia kama kikombe cha chai.

"Hongera," akasema. "Vikifika vya kutosha tutaezekea banda la baiskeli."

Hapo ndipo aliponieleza kwamba udongo huu una vijitundu visivyoonekana kwa macho, na kazi yote inafanyika humo. Moto ukizidi, vijitundu vinaziba, na oksidi ya titani yenyewe inabadilika sura, inakuwa mvivu. Kwa hiyo mkisikia kidonge kinalia, jueni kimekufa.

Sasa niwaambie habari za Kinole, maana ndizo zilizonifanya niwe fundi.

Mkuu wa utafiti wetu alikuwa Dokta Neema. Alitoka kusoma nje akiwa bado kijana, karibu rika langu, akaniita dada Zaina tangu siku ya kwanza na hakuacha. Mwembamba, anaongea upesi, na akiwaza anazungusha pete yake kidoleni. Yeye ndiye aliyesema kazi isiishie kwenye chupa za maabara, twende tukaijaribu kwa wakulima wenyewe. Tukapanda Kinole, kijiji cha milima ya Uluguru.

Mnakujua Kinole kwa machungwa, ndizi na mdalasini, lakini kwenye vibonde vyake watu wanalima pia nyanya na bilinganya, na nyanya ya mvua haikubali bila dawa. Tulifikishwa kwa mama mmoja anaitwa Bi Tausi. Mumewe alikwisha kufariki, shamba ni la upande wake, la ukoo wa mama kama ilivyo kwetu Waluguru, na liko juu kabisa, kijito kinaanzia karibu na ukingo wake. Wanawake wa chini walikuwa wameshaacha kuchota pale. Walisema maji yana harufu, na watoto wanawashwa. Walikuwa wanapanda na kushuka mgongo wa pili wa mlima kufuata chemchemi nyingine, kila siku, na ndoo kichwani.

Bi Tausi alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Mkishaweka hilo beseni lenu, wenzangu watarudi kuchota hapa?"

Dokta Neema akajibu, "Hiyo ndiyo nia yetu, mama."

"Basi wekeni."

Tukajenga beseni la saruji pembeni ya shamba lake. Wakulima wa jirani wakakubaliana kuoshea mabomba pale. Maji yanaingia, tunatia udongo wetu, tunakoroga, tunaacha jua lipige, udongo unatuama, maji yanabaki meupe kabisa. Tulipoyapima, dawa haikuonekana. Mnaweza kufikiri furaha yetu. Nakumbuka tulikula ndizi za kuchoma pale shambani, Mzee Pazi akaimba kidogo, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya.

Wiki chache baadaye, mvua zimeanza, Dokta Neema aliingia maabara asubuhi. Zile chupa tulizokuwa tukijaribia mjini nyingine zilikuwa wazi kwenye mwanga na nyingine tulizifunga kwa karatasi ya foili, ziwe gizani, kwa ajili ya kulinganisha. Zilizofungwa hatukuwa tumezipima bado. Mashine ilikuwa na foleni, na sote tulijua, au tulidhani tunajua, zitasema nini: zitakuwa na sumu ile ile, maana hazikupata mwanga.

"Dada Zaina," akasema, "hebu tupime zilizofungwa."

Nikapima. Maji yalikuwa safi. Nikadhani nimekosea chupa, nikarudia na nyingine. Safi vilevile.

Dokta akakaa kwenye kiti cha maabara, akaanza kuzungusha pete. "Kwenye giza nani amefanya kazi?" akauliza. Hakuwa akiniuliza mimi. Kisha akainuka, akachukua udongo uliotuama chini ya chupa, akaniambia niusuuze kwa methanoli, aina ya spiriti inayoing'oa dawa, na kupima hiyo methanoli. Dawa ikatokea yote. Ilikuwa imejibanza kwenye udongo, haijavunjika hata kidogo. Tuliloliona kwenye maji ni kwamba sumu imehama. Imetoka kwenye maji, imeingia kwenye udongo.

Mzee Pazi alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na udongo wa Kinole unatupwa wapi?"

Tulimwambia Bi Tausi autoe beseni likijaa. Hatukumwambia aupeleke wapi, maana tulidhani ni udongo tu.

Tulipanda siku ileile. Gari tuliliacha barabara ilipoanza kuteleza, tukachukua bodaboda mpaka kwenye mteremko, kutoka hapo tukatembea kwenye matope, Dokta mbele, mimi nyuma. Njiani nilisema labda tumpigie simu mwenyekiti wa kitongoji atufikishie ujumbe, mvua ilikuwa kubwa. Dokta Neema hakugeuka. Alisema, "Habari njema tulimpelekea wenyewe."

Tulimkuta Bi Tausi jikoni, kwenye kibanda chake cha kupikia, anamenya ndizi.

"Shikamoo mama," tukamwamkia wote wawili.

"Marahaba wanangu. Karibuni moto. Mbona leo hamna chupa zenu?"

"Leo tumekuja na maneno tu, mama," Dokta akasema.

Mimi nilikuwa nimeshaliona jiko. Ni jiko la udongo la mafiga matatu, na lilikuwa limesiribwa upya, laini, jeupe la kupendeza, na ukuta wa karibu na mlango nao umepakwa mpaka usawa wa kiuno. Nikamgusa Dokta mkono. Naye akaona.

"Mama, udongo huu umeutoa wapi?"

"Si wenu ule wa kwenye beseni. Nikaona haya, kitu kizuri hivi kitupwe?"

Dokta Neema alivuta kigoda akakaa, ili wawe sawa kwa sawa. Sijasahau alivyosema, na ninawaandikia kama nilivyosikia, kwa sababu mtakuja kuwa na siku yenu kama ile.

"Mama, tulikwambia udongo wetu unaua sumu. Haikuwa kweli, na sisi tumejua leo asubuhi. Udongo unaikamata sumu, lakini haujaiua. Sumu iliyotoka kwenye maji iko humu kwenye jiko lako na kwenye huu ukuta. Kosa ni letu. Tumekuja kukwambia usipikie hapa tena mpaka tulivunje."

Bi Tausi aliweka kisu chini. Akalitazama jiko, kisha akatazama mlango, na uso wake ukabadilika. Akaita, "Mwajuma."

Akatoka binti yake kutoka nyumba kubwa, kajifunga kanga, mjamzito wa miezi mingi. Akatuamkia. Mama yake akamkatiza.

"Umekula udongo?"

"Udongo gani, mama?"

"Wa jiko. Wa ukutani. Umekula?"

Nyinyi wasichana mnajua, na wavulana mtajua mkioa, mwanamke mwenye mimba anavyoutamani udongo. Mwajuma aliinamisha kichwa. Nikaona kwenye ukuta, karibu na mlango, pamemegwa megwa kwa ukucha.

"Kidogo tu," akasema. "Una harufu ya mvua."

Kama kuna siku niliyoomba Mungu kwa moyo wote, ni ile. Tuliteremka naye mpaka kwenye gari, Bi Tausi amemshika mkono upande mmoja na mimi mwingine, tukampeleka hospitali mjini. Dokta Neema alimweleza daktari wa zamu jina la dawa, inafanya nini mwilini, aangalie nini, bila kuficha sehemu yetu. Wakampima, wakamweka chini ya uangalizi. Tulikaa nje kwenye benchi watatu, Bi Tausi katikati. Baada ya muda mrefu akamuuliza Dokta:

"Mlijuaje?"

Dokta akamweleza habari za chupa zilizofungwa.

"Na kama usingezipima hizo?"

"Ungeendelea kupikia, mama."

Bi Tausi akaitikia kwa kichwa. Akatoa mtandio wake akapangusa matope yaliyokauka kwenye mkono wa Dokta, taratibu, kama anayempangusa mtoto.

Mwajuma alirudi nyumbani akiwa mzima. Alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Alichomega kilikuwa kidogo, na labda kisingemdhuru hata tusingefika. Sijui, na sijawahi kutamani kujua.

Tulirudi Kinole na Mzee Pazi kulivunja jiko. Tulikwangua ukuta wote, tukautia ule udongo kwenye magunia, tukaubeba kushuka nao. Kisha Mzee Pazi akachimba udongo mwingine kwenye ukingo wa shamba, akavua koti lake jeupe, mara ya pekee nimemwona bila koti kazini, akalijenga jiko jipya kwa mikono yake. Alikuwa na mkono mzuri. Bi Tausi alilikagua akasema figa moja limekaa upande, akamfanya alirudie, naye akarudia.

Wanakijiji walikuja kutazama, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekasirika. Alikuwa na haki. Alisema beseni livunjwe na sisi tusionekane tena kule. Watu wakaitikia. Bi Tausi alikuwa anaosha mikono. Akasema bila kupaza sauti:

"Wanaotuuzia dawa hawajarudi hata siku moja kuniuliza inaniwasha au hainiwashi. Hawa wamepanda na mvua kuja kuniambia wamekosea. Ardhi ni yangu. Beseni halitoki."

Kazi yote mliyoirithi, vijana wangu, ilipona kwa maneno yale. Lingevunjwa, utafiti ungekwisha pale, na ingekuwa haki yao.

Basi tukaanza upya, na hapa ndipo kuna mambo ya ufundi ya kuyashika. Kosa letu kubwa lilikuwa wingi wa udongo na kina cha maji. Ukitia udongo mwingi, maji yanakuwa kama maziwa, na mwanga hauingii. Oksidi iliyo chini inakaa gizani, inalala. Tukaacha kutia unga kwenye maji. Badala yake tukapaka mchanganyiko juu ya vigae bapa, tabaka jembamba, tukavichoma kwa moto wa wastani, tukavipanga kwenye trei zenye mteremko mdogo. Maji yanapita juu yake yakiwa na kina cha kidole kilicholazwa, hayazidi hapo. Sumu ikivutwa na udongo inakuta mwanga uko pale pale unaisubiri.

Tabu ya pili ni Uluguru yenyewe. Mjini tulikuwa na taa, inawaka muda wote, haina wingu. Kule ukungu unakaa mpaka asubuhi imekwenda, na mchana mvua inarudi. Tukaongeza chuma kidogo kwenye mchanganyiko, udongo ukawa na rangi ya chai ya maziwa, na ukaanza kufanya kazi hata kwa mwanga hafifu, polepole lakini inafanya. Tukafunika trei kwa nailoni inayopitisha mwanga, maana mvua ya kwanza ilisomba vigae vyetu mpaka shamba la jirani. Na vigae vikichoka havitupwi ovyo. Vinalowekwa maji safi na kuanikwa juani siku kadhaa vimalizie kilichobaki, kisha tunasuuza na kupima methanoli. Pimeni maji na pimeni udongo. Na chupa ya foili msiiache, hata mkiwa na haraka, hata kama mnajua itasema nini.

Kuna jambo jingine Dokta Neema alilisisitiza. Mashine inakuambia ile dawa uliyoitafuta haipo. Haikuambii vile vipande ilivyovunjikia ni vya namna gani. Vipande vingine navyo ni vikali. Akasema tunahitaji kitu chenye uhai kituambie maji yamekuwa maji. Akachagua viluwiluwi vya mbu, kwa sababu ni wepesi kupatikana na dawa ya wadudu huwaua upesi. Ukiwatia kwenye maji na wakaendelea kuchezacheza, umefanya kazi.

Nikapewa kazi ya kuwafuga. Maabara hakukuwa na nafasi, nikawafuga nyumbani, kwenye mabeseni nyuma ya nyumba, yamefunikwa chandarua. Jirani yangu Mama Rehema, mtu msafi sana, akachungulia siku moja. Jioni ile akaja na bwana afya wa kata.

"Huyu hapa," akasema. "Mtaa mzima tunafukia madimbwi, yeye anawalisha."

Bwana afya akainama, akatazama, akaniuliza, "Mama, ni kweli unawalisha?"

"Kidogo," nikasema. "Unga wa biskuti."

Ilinichukua muda kueleza. Mwishowe bwana afya alinipa ruhusa kwa masharti kwamba asiruke hata mmoja, na Mama Rehema akawa anapita kila asubuhi kukagua chandarua kwa niaba ya serikali. Alikikagua vizuri kuliko mimi. Baada ya muda akawa ananiletea habari: "Wale wa beseni la kushoto leo wamezubaa." Nikienda nakuta kweli. Mpaka leo namshukuru, na mpaka leo haniruhusu kuacha ndoo ya maji wazi.

Haikuwa yote mafanikio. Kuna dawa nyingine ngumu, jua la kutwa nzima halizitoshi, na tuliwaambia wakulima wazi kwamba hizo trei zetu haziziwezi, wazitafutie mbadala. Kuna vijiji viwili tulijenga trei zikageuzwa za kuanikia karafuu. Dokta Neema hakukasirika. Aliuliza tu kama zilikuwa safi, akapima, akasema waendelee kuanika. Yeye sasa amehamia chuo kingine, mbali, lakini bado ananipigia sikukuu zote, za kwao na za kwetu. Mzee Pazi tulimzika miaka kadhaa iliyopita. Nilienda na wenzangu wa maabara, na mjane wake alitutolea lile koti jeupe. Lilikuwa limepigwa pasi.

Mimi nina shukrani nyingi kuliko nafasi ya kuziandika. Nilifundishwa na mtu asiyekuwa na haraka. Nilifanya kazi na msomi aliyeweza kukaa kwenye kigoda akasema kosa ni letu. Na tulipokelewa na mama ambaye angeweza kutufukuza. Sidhani kama kuna fundi anayepata vyote vitatu.

Mwezi uliopita nilipanda Kinole, sina kazi tena kule, nilitaka tu kumsalimia Bi Tausi. Amezeeka, macho yamepungua nguvu, lakini bado analima mdalasini kidogo. Trei zipo, wakulima wanaosha mabomba pale kama jambo la kawaida, na mwenyekiti wa sasa anawatoza faini wanaokwenda kuoshea kijitoni. Tukakaa upenuni. Wasichana wakapita na ndoo kichwani wakitoka bondeni, wanacheka habari zao za simu na nani kamwandikia nani nini. Wakatuamkia, "Shikamooni bibi," tukaitikia, wakaendelea.

"Wanachota wapi hao?" nikamuuliza.

"Si hapo chini kijitoni."

"Wanajua zile trei ni za nini?"

Bi Tausi akafikiri. "Wengine wanadhani ni za kuanikia kitu. Sijawaambia. Wanachota tu."

Mjukuu wake, yule wa Mwajuma, ambaye sasa ni msichana mkubwa anayesoma, alitoka jikoni na chai ya mchaichai. Nilishika kikombe nikaona mvuke unapanda. Miaka yote nilikuwa nimeyabeba maji ya kijito kile kwenye chupa zenye vibandiko, nikayapima, nikayatia viluwiluwi, nikayachemsha, nikayagandisha. Siku ile hayakuwa na kibandiko. Nilikunywa kikombe chote, kikanoga, nikamwomba binti aniongeze.